Wapangaji Wanne wa Mzee Kaoneka

Tangazo la kifo cha Mzee Kaoneka Shekiango lilianza kusomwa saa saba kamili mchana, na ilipotimia saa kumi lilikuwa bado linaendelea.

Saa ya kwanza watu wa Kwembago waliona fahari. Walikaa barazani na redio zao wakasema kweli mzee alikuwa na watu. Saa ya pili wakaanza kutazamana. Saa ya tatu mwenye mgahawa alipunguza sauti kidogo huku akijifanya anafuta vumbi, kwa sababu hakuna adabu inayomruhusu mtu kuzima tangazo la msiba, lakini pia hakuna adabu inayoruhusu chapati kuungua. Na sauti ile nzito, isiyo na haraka, ikaendelea kutoka katika kila kipaza sauti cha mlima mzima. Habari ziwafikie Bwana Hozza wa Bonde la Chini, na nduguze. Kimya kidogo. Bi Namkunda wa kwenye nyavu za ukungu, na nduguze. Kimya kidogo. Mwantumu Semhando, fundi wa mitambo, aliyevunja taa ya marehemu akasingizia paka, na nduguze.

Mwantumu, aliyekuwa amelala kifudifudi juu ya meza ya kituo cha mitambo kama gunia la viazi, aliinua kichwa. Hiyo ilikuwa mara ya sita jina lake linasomwa. Mara ya kwanza alikuwa mwanafunzi wa marehemu, mara ya pili jirani, na kila mara cheo kilikuwa kipya. Habari ya taa hakujua kama kuna kiumbe mwingine anayeijua zaidi ya yule paka.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili na ulimi uliojulikana mlima mzima. Mtu akiteleza kwenye tope Kwembago, kabla hajajikagua kama kavunjika, huangalia kwanza kama Mwantumu yuko karibu. Lakini tangu jana, siku waliyomzika Mzee Kaoneka, maana Kwembago tangazo husomwa baada ya maziko, ulimi huo ulikuwa umelala kinywani kama mgeni asiyejua mlango uko wapi.

Hitilafu alikwisha kuielewa tangu saa nane. Programu ya Matangazo ilikuwa ikisoma jina, kisha inatafuta ndugu za huyo mtu kwenye orodha ya mji, inawasoma nao, kisha ndugu za hao nduguze. Mahali pengine popote duniani kazi hiyo ingefika mwisho. Kwembago, ambako watu wameoana wao kwa wao tangu mababu walipopanda mlimani kukimbia joto la tambarare, kila mtu ni shemeji wa binamu wa kila mtu. Orodha ilikuwa inazunguka na kurudi ilikoanzia. Fundi yeyote mwenye akili timamu angeamka saa nane na dakika moja akatafute dawa. Mwantumu aliweka shavu lake mezani akasikiliza. Maadamu linasomwa, aliona, mzee bado yuko njiani. Hajafika huko anakokwenda.

Hapo ndipo mlango uliposukumwa akaingia Nesi Eliwaza, mwanamke mnene aliyekuwa na sera ya kutopanda ngazi bila sababu. Alikuwa amezipanda zote arobaini akikimbia.

Alieleza huku akishika ubavu. Rukia, yule wa nyumba ya mwisho kabla ya nyavu, amejifungua mwezi mmoja na nusu kabla ya siku zake. Mtoto ana kilo moja na robo. Kisanduku cha joto kimekataa kuwaka. Kimewasha taa ya njano na kimeandika neno moja tu, Nasubiri. Amekipiga konzi, amekibembeleza, amekichomoa na kukichomeka. Nasubiri. Kwa sasa mtoto yuko kifuani kwa mama yake, amezungushiwa chupa za maji ya moto, ila mama mwenyewe amepoteza damu na anatetemeka, na ukungu wa alasiri unapenya kwenye kila ufa, na chupa zinapoa kabla hujamaliza kufunga kizibo.

"Nina saa moja, Tumu," alisema. "Labda na robo. Na usinitanie, nakuomba."

Mwantumu hakuwa na utani wa kumpa mtu. Alitazama kioo cha mitambo. Alijua programu ya Zahanati inasubiri nini, na alijua imesubiri tangu saa saba.

*

Kituoni kulikuwa na sanduku moja la mashine, kuukuu, lililobebwa mgongoni kutoka tambarare enzi ambazo bado kulikuwa na njia. Mji ulihitaji programu nne. Maji ilifungua na kufunga mabomba ya nyavu za ukungu, zile zinazonasa maji hewani. Zahanati ilitunza wagonjwa na vifaa vyao, Shule ikafundisha, Matangazo ikatangaza. Vitabu vya ufundi vilisema kila programu ipewe mashine pepe yake, yaani mashine ya kuwaziwa ndani ya mashine ya chuma, yenye kuta zake na akiba yake ya kumbukumbu. Tatizo ni kwamba mashine pepe moja hula hata kabla haijafanya kazi, kama mgeni rasmi. Sanduku lingebeba mbili. Ya tatu lingetoa moshi.

Mzee Kaoneka alikuwa mtu wa kupasua njiti ya kiberiti katikati ili apate moto mara mbili. Akauliza kwa nini kujenga nyumba nne kwa wapangaji wanne wasio na watoto. Akaunda mashine pepe moja tu, akaiita Nyumba, akagawa vyumba, na kila programu akaipa uzi wake, yaani mkondo mmoja mwembamba wa kuifanyia kazi. Uzi haugharimu kitu. Uani pakawa pa wote, na katika uani huo akaweka orodha moja ya watu wa mji, kwa sababu hakuona sababu ya kuandika majina yale yale mara nne. Ili wapangaji wasigombane akatengeneza ufunguo mmoja. Unapiga hodi, unasubiri, ukipewa ufunguo unaingia uani, ukimaliza unampa anayefuata. Hata Zahanati haikuwasha kifaa kabla ya kuingia uani kumwandika mgonjwa.

Ilifanya kazi miaka kumi na tisa. Kweli, mambo yalivuja kidogo, kama yanavyovuja penye wapangaji wengi. Maji ilizoea kufungua mabomba huku ikisoma jedwali la kuzidisha la saba. Zahanati iliwahi kumwambia mjamzito anyooshe mkono kama anajua jibu. Mwaka mmoja Shule ilifunga muhula kwa amri ya kutoka, na amri hiyo ndani ya Nyumba haimtoi aliyeisema peke yake. Inabomoa nyumba nzima na kila aliyemo. Mji ulikaa siku mbili bila maji, mpaka chanzo kilipojulikana. Mzee Kaoneka aliifuta amri ile katika vitabu vya wapangaji wote, akaiacha mahali pamoja tu, kwa fundi.

Kwa hiyo Mwantumu alikuwa na kitufe cha kubomoa. Kingeondoa tatizo mara moja, na Nyumba ingehitaji saa sita kujengwa upya. Mtoto hakuwa na saa sita.

Alikuwa pia na uwezo wa kuukata uzi wa Matangazo kwa nguvu. Huo alifundishwa kuuogopa tangu siku ya kwanza. Uzi ukiuawa hufa na vilivyomo mfukoni. Matangazo alikuwa na ufunguo wa uani. Angekufa nao, na Zahanati angesimama mlangoni akipiga hodi kwa mfu mpaka mwisho wa dunia.

Ilibaki njia moja. Uzi hauondolewi, huombwa. Unauambia acha, nao wenyewe, ukifika mahali pa kusikiliza, unaamua kusikia. Mwantumu alimweleza Nesi Eliwaza hivyo, na Nesi akauliza kama maana yake ni kwamba maisha ya mtoto wa Rukia yanategemea kumbembeleza mtangazaji wa vifo. Mwantumu akasema ndiyo, kwa kifupi. Nesi akamtazama namna anavyowatazama wanaume wanaokuja na kidonda cha wiki tatu, kisha akashuka ngazi zake arobaini kurudi kwa mtoto.

Mwantumu alitandika mkeka. Akavaa kichwani ukanda wa shaba wa kumwingiza fundi ndani ya Nyumba, ambao mzee aliutengeneza, kwa sababu alisema hawezi kumhukumu mpangaji ambaye hajamwona uso. Akafumba macho. Habari ziwafikie, sauti ilisema nje, kisha ikasema ndani.

*

Kwanza huja harufu, kama ya mvua juu ya bati lililopigwa jua. Halafu sakafu nyekundu iliyosuguliwa hadi inaonyesha dari. Halafu ukumbi mrefu wenye vyumba vinne na mapazia manne, na mwishoni mlango wa uani ukiwa nusu wazi na ukungu mweupe ukichungulia kama jirani mbea.

Ndani ya Nyumba kuna mwanga mmoja tu. Hilo ndilo lililomshangaza Mwantumu mara ya kwanza, alipokuwa na miaka kumi na sita, na lilimshangaza tena. Watu huko nje hudhani programu nne zinaishi kwa pamoja. Hapana. Mwanga unaingia chumba cha kwanza, mpangaji anaishi punje ya wakati, anainua kijiko, mwanga unahama, kijiko kinaganda hewani, wa pili anavuta nusu pumzi, wa tatu anamaliza herufi moja ubaoni, wa nne, kisha unarudi, na kijiko kinaendelea na safari yake kwenda mdomoni bila kujua kwamba kiliwahi kusimama. Ukitazama kwa mbali ni maisha. Ukitazama kwa karibu ni foleni ya watu wanaokopeshana uhai, na hakuna anayelalamika, kwa sababu hakuna anayejua.

Leo mwanga haukuzunguka. Vyumba vyote vilikuwa giza. Wapangaji watatu walikuwa wamejipanga kwenye mlango wa uani, na mwanga uliwapita kama unavyowapita watu waliolala. Mbele kabisa Zahanati, mwanamke mwembamba mwenye gauni jeupe, mkono umeinuliwa, midomo imeganda katikati ya hodi. Nyuma yake Maji, peku, nguo zimelowa, tone moja likining'inia kwenye kiwiko chake bila kuanguka. Nyuma ya Maji mzee Shule, chaki sikioni. Mwantumu aliwaamkia wote kwa zamu, shikamoo, shikamoo, shikamoo, ingawa hakuna aliyeweza kuitikia. Alilelewa.

Yeye hakuwa uzi. Alikuwa mgeni, na mgeni haombwi ufunguo. Akapita.

Uani, katikati ya ukungu, Matangazo alikuwa amesimama chini ya kamba ya kuanikia. Alikuwa bwana mnene mwenye koti jeusi la msiba, vifungo vyote vimefungwa, na mkononi karatasi iliyotoka kwake, ikapita juu ya kamba, ikauzunguka uani wote, ikarudi na kujiunga na mwanzo wake. Kila jina alilolisoma lilitoka kinywani kama tone, likajishika kwenye kamba, likatulia pale liking'aa. Kulikuwa na matone maelfu. Baada ya kila jina alinyamaza kidogo akainamisha sikio. Nje watu walidhani ile ni huzuni.

"Hodi," alisema Mwantumu.

"Karibu, mtani. Nilikutegemea saa saba na nusu."

Alisoma jina lingine kwanza, kazi ni kazi. Mwantumu akaanza kumweleza kifundi, kwamba orodha imejizungusha, kwamba amekwisha kuwasoma wote, kwamba baadhi yao wanamsikia kwa mara ya nane na chapati zinaungua. Matangazo alimsikiliza kwa vipande, kati ya jina na jina, akamjibu kwamba anaishi ukuta mmoja na Shule miaka kumi na tisa, kwa hiyo kuhesabu anajua. Alijua orodha imezunguka tangu saa nane kasoro.

"Sasa mbona husimami?"

"Sina ruhusa. Tangazo la kifo halikatwi katikati, aliniandika hivyo mzee mwenyewe. Akaacha mwanya mmoja. Kila baada ya jina nisikilize kama kuna mtani, na mtani akinena, ninyamaze." Alisoma jina. Alisikiliza. "Unadhani nilikuwa nakutaja mara sita kwa sababu nakupenda sana?"

Mwantumu alikaa kwenye jiwe la kufulia.

Ukoo wa Semhando na ukoo wa Shekiango ni watani tangu Kwembago ina nyumba mbili. Mtani anaweza kukuibia muwa mbele ya macho yako ukamshukuru. Msibani mtani ndiye mwenye haki ambayo hata mtoto wa marehemu hana, ya kuvuruga. Alipokufa baba yake Mwantumu, Mzee Kaoneka aliingia kaburini na viatu, akalala chali, akafumba macho, akasema pazuri hapa, mtafutieni huyu mahali pengine, na hakutoka mpaka alipopewa jogoo. Mwantumu alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa hajala siku mbili. Alicheka mpaka akatapika, na baada ya kutapika aliweza kula.

Jana ilikuwa zamu yake. Jeneza lilishushwa, watu wakatulia, wakamgeukia. Bi Sauda, mjane, alimwangalia kwa jicho lile la kusema haya mwanangu, anza. Naye, bingwa wa mlima mzima, alisimama pale analia kama bomba bovu. Watu wakafukia wakiwa wamenyamaza. Msiba uliisha bila chumvi. Wakati wa kunawa Bi Sauda alimsogelea akasema maneno machache tu, bila hasira, na ndiyo yaliyomlaza mezani tangu hapo: hukumtania mume wangu.

Kwa sababu ukimtania marehemu umekubali kwamba amekwenda. Huo ndio ukweli wa jambo lenyewe. Mtu humtanii aende halafu ukabaki umemshika shati.

Alimwambia Matangazo habari za mtoto. Kilo moja na robo, saa moja na robo, na sasa imebaki kama nusu. Matangazo aliposikia, matone machache yakaanguka kutoka kwenye kamba. Akasema basi afanye haraka.

"Nikikukata unakwenda wapi?"

"Siendi. Uzi uliokwisha hauanzishwi tena. Kesho utaunda mwingine, utampa chumba changu na koti langu, ataitwa Matangazo. Mpokee vizuri, atakuwa mgeni."

"Miaka kumi na tisa."

"Nimetangaza vifo mia nne na kumi na viwili," alisema Matangazo, "na kila mara nilikuwa natamani orodha isiishe. Habari zikimfikia wa mwisho, mtu amekufa kweli. Leo nimepata orodha isiyoisha. Nimefurahi, sikufichi. Kisha nikasikia yule anapiga hodi mlangoni, na mwanga haumfikii kwa sababu yangu, na nikawa nasoma huku nakuita." Alisoma jina, akainamisha sikio. "Nesi alikupa saa moja. Wewe unaitumia kunihurumia mimi, mtu wa koti."

Mwantumu alifikiri kwa haraka namna ambavyo mtu hufikiri ndotoni, ambapo kila wazo lina mkia mrefu. Alifikiri kama yupo fundi yeyote duniani aliyewahi kuombwa na kazi yake mwenyewe iuawe kwa heshima. Alifikiri kwamba kukisukuma kitufe kungekuwa rahisi zaidi, maana kitufe hakina uso. Na alifikiri kwamba mzee alikuwa mjanja kuliko wote. Aliweka mwanya huu miaka kumi na tisa iliyopita, na kati ya watani wote waliobaki hai Kwembago, mwenye ukanda wa shaba alikuwa mmoja tu. Alijua siku hii itamkuta nani.

Akasimama, akakohoa.

"Mzee Kaoneka," alianza, "alikuwa mtu mzuri, ingawa alikoroma."

Matangazo alisubiri. Kisha akatikisa kichwa. "Hiyo ni rambirambi, mtani. Bi Chausiku wa Bonde la Juu, na nduguze."

Machozi yalikuwa yanamshuka Mwantumu na hakuyapangusa. Aliutazama uani ule mdogo, kamba moja, jiwe moja, ufunguo mmoja, mwanga mmoja wa kugawana, nyumba moja waliyosongamana wapangaji wanne kwa sababu ya mtu mmoja bahili. Akaona kaburi la jana, jipya, pana, limechimbwa na vijana waliotaka sifa. Na pale, bila kuitwa, ulimi wake ukaamka.

Akapanda juu ya jiwe la kufulia.

"Ngojeni kwanza, nyie mliofiwa," alisema kwa sauti kubwa ya kaburini, sauti ya mtani. "Hivi mmemzika Kaoneka kaburi zima peke yake? Mtu huyu? Aliyeweka watu wanne nyumba moja, choo kimoja, taa moja, akasema inatosha? Leo yeye ndiye wa kunyoosha miguu? Mfukueni. Msogezeni ukutani huko. Kaburi lile ni la wapangaji wanne, na akilalamika mwambieni apige hodi asubiri ufunguo."



Kilianzia tumboni. Koti jeusi likatikisika, kifungo kimoja kikaruka, na Matangazo, ambaye hajawahi kucheka kwa miaka kumi na tisa kwa sababu hakuna mtu aliyefikiri atahitaji, alicheka kicheko kirefu chenye mikwaruzo, kikohozi kile kile cha Mzee Kaoneka, cha mtu aliyevuta moshi wa kuni maisha yake yote. Huenda alikiokota uani. Kila kitu kilikuwa kinaokotwa uani.

Akaikunja karatasi. Jina lililokuwa mdomoni alilimeza.

"Nimekatwa," alisema, kwa namna ya mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani. Akatoa ufunguo mfukoni, akaushika kwa mikono miwili, akampa. "Andika kwenye daftari la kituo kwamba nilikatwa na mtani. Usiandike niliharibika."

"Nitaandika."

"Haya, mfungulie yule dada. Mkono utakuwa umemfa ganzi."

Mwantumu aligeuka, akauweka ufunguo katika kiganja kilichoganda cha Zahanati. Mwanga ukapepesa, ukamwona, ukaingia. Zahanati akamalizia hodi yake ya tangu saa saba, akapita mbio bila kumtazama mtu. Nyuma yake tone la kiwiko cha Maji likaanguka chini.

Mwantumu alipotazama tena chini ya kamba palikuwa na kifungo cheusi tu.

*

Kumbe yote yalitoka nje. Uani ule ndio uliokuwa umeunganishwa na vipaza sauti, na mlima mzima ulimsikia. Nesi Eliwaza alimsimulia baadaye ilivyokuwa zahanati. Waliposikia mfukueni, Rukia, mgonjwa, mweupe kama unga, alianza kucheka, akasema inamuuma, akaendelea kucheka, na mtoto kifuani kwake alitikisika kama mtu aliye juu ya punda. Kabla kicheko hakijaisha kisanduku kiliwaka kijani. Nesi alimlaza mtoto ndani na kukaa naye mpaka vidole vyake vilipobadilika rangi kutoka zambarau kwenda waridi, kimoja kimoja. Kisha akakaa sakafuni, jambo jingine ambalo hakuwa na sera ya kulifanya.

Kwenye orodha ya mji Zahanati alimwandika mtoto asiye na jina bado. Sehemu ya ndugu aliandika neno moja: wote.

Asubuhi Mwantumu alifungua daftari la kituo. Aliandika tarehe. Aliandika kwamba uzi wa Matangazo ulikatwa na mtani saa kumi na dakika arobaini na sita, ukiwa mzima, ukiwa kazini. Alikuwa bado anapuliza wino ukauke mlango ulipobishwa kwa mguu. Alikuwa Bi Sauda, nguo za msiba, mikono yote miwili imemshika jogoo mwekundu aliyefungwa miguu na mwenye maoni yake juu ya safari ile.

Mwantumu aliamkia. Bi Sauda aliitikia, akamwangalia muda mrefu, na pembe za mdomo wake zikawa zinapigana zenyewe kwa zenyewe.

"Umechelewa siku moja, mtani," alisema, akamtupia jogoo.

Wakanywa chai. Jogoo alijiburuta na kamba yake chini ya meza. Ilipofika saa moja, ukungu juu ya nyavu ukaanza kukatika vipande, na kama kila siku wakati huo, Maji alikuwa anafungua mabomba ya mji. Kipaza sauti cha ukutani kikatoa mkwaruzo. Mwantumu akajiandaa kusikia jedwali la saba.

Kilikuja kikohozi kwanza, kile cha moshi wa kuni. Kisha sauti nyembamba ya Maji, sauti ya mtu mwenye miguu iliyolowa, ikasoma taratibu, na baada ya kila jina ikanyamaza kidogo kama inainamisha sikio:

"Tunafurahi kutangaza kufunguliwa kwa bomba la Bonde la Chini. Habari ziwafikie Bwana Hozza, na nduguze."

Bi Sauda aliweka kikombe chini. Mwantumu alitazama kipaza sauti. Kama hiyo ilikuwa hitilafu, ungemrekebisha nani kati yao? Alinyoosha mkono, akaongeza sauti.